Diski ya Plau na Soksi ya Nailoni

Nilisoma miaka miwili tu, katika banda la misheni upande wa Plateau, na ule mwaka wa pili nusu yake nilikuwa malishoni na ng'ombe. Kwa hivyo ukiona maneno yangu yamepinda, yaache yapinde. Mkono unaoyaandika ni wa fundi. Umenyoosha mbao za watu maisha yangu yote, na mkono huu huu ndio uliotengeneza stendi ya maikrofoni hapa Eldoret wakati ambapo mimi sikumjua mtu mwingine mjini mwenye kitu kama hicho. Siku hizi naona kila mwenye kutaka kuimba amejinunulia stendi, na kile kitambaa cha duara cha kuzuia pumzi, vyote vimekuja kwenye boksi. Anavifunga mara moja, anaimba chumbani kwake, basi. Vizuri. Mimi vitu hivyo viwili vilinitia hofu ambayo hata leo sijaisahau.

Na mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimewahi kumkuta fisi ndani ya zizi nikiwa na fimbo tu, na aliyetoka mbio ni yeye. Lakini kulikuwa na Kaburu mmoja, mwenye shamba karibu na Burnt Forest, na huyo nilimwogopa. Nilizaliwa kwenye shamba lake, kwa sababu baba yangu alikuwa skwota hapo, mtu anayeruhusiwa kukaa kwa kumfanyia mwenye shamba kazi. Nikakua, nikaandikwa kazi ya kushika ng'ombe wanaokokota plau la kulimia, na kiboko chake kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo kila mtu akienda kuchukua jembe anakiona. Siku moja kilinishukia mgongoni kwa sababu ya ng'ombe aliyevunjika mguu. Kabla siku zangu za mkataba hazijaisha nilitoka kwa miguu mpaka Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret, na sikurudi.

Angeweza kunitumia askari. Hakutuma. Alimwambia ndugu yangu aniletee maneno: hana haraka, mji utanitapika wenyewe, na ukinitapika nitaangukia shambani kwake. Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko, maana yalikuwa kweli. Mtu mweusi alikaa mjini kama kipande chake, kile cheti cha kutembea nacho, kina saini ya mtu aliyemwandika kazi. Saini ikifutwa, askari wa mji wanakuonyesha barabara, na barabara yangu mimi ilikuwa moja.

Saini yangu ilikuwa ya Mhindi mmoja mwenye duka la baiskeli, cherehani na gramafoni. Nilimwita Bwana, yeye aliniita Fundi, na jina hilo nililipenda kuliko lile nililobatizwa. Nilimtengenezea rafu, nilipiga ribiti, nilibandika vifuniko vya gramafoni vilivyobanduka kwa joto la gari-moshi. Miaka ile ya hamsini na kitu watu wa hapa walikuwa wameanza kupenda santuri, lakini santuri zenyewe zilikuwa za nyimbo za pwani na za mbali. Mkulima wa Turbo au Plateau akija dukani alikuwa akiuliza, ya kwetu hakuna? Bwana akachoka kusema hakuna. Akamwandikia shemeji yake wa Nairobi, shemeji akamwazima mashine ya tepu na maikrofoni moja, kwamba anase nyimbo za huku, kisha ampelekee azitie kwenye santuri.

Studio hatukuwa nayo. Alinasia nyumbani, kwenye sebule yake nyuma ya duka. Viti vilisukumwa ukutani, blanketi zikatundikwa madirishani, saa ya ukutani ikasimamishwa, na kuku wa mke wake wakafungiwa mbali.

Siku maikrofoni ilipofika, mke wa Bwana aliitoa kwenye sanduku ikiwa imeviringwa kwa blanketi dogo la mtoto mchanga. Ilikuwa nzito, ukubwa wa tofali la nusu, na mbele ina wavu wa chuma. Bwana aliniita, akawasha tochi, akaniambia nichungulie. Ndani ya wavu, katikati ya sumaku mbili, kulikuwa na utepe uliosimama. Mwembamba kuliko ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ulikuwa ukitikisika wenyewe, kwa pumzi zetu tu.

"Fundi, hii ukipuliza inakatika," alisema. "Ikikatika inaenda Ulaya na meli. Mimi napiga shemeji magoti. Na wewe unaleta kipande yako hapa, mimi naandika kazi kwisha."

Hakuwa mtu mbaya. Na yeye alikuwa anaogopa, nilimwona jasho kwenye mdomo wa juu. Lakini hofu ya bwana ikishuka kwa mfanyakazi huwa imeongezeka uzito njiani. Tangu siku ile nilianza kuvuta pumzi kwa pua kila nikipita mlango wa sebule.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Moja, kutengeneza kitu cha kusimamishia ile maikrofoni, kwa sababu shemeji hakuleta stendi. Mbili, kutafuta kitu cha kuweka kati ya mdomo wa mwimbaji na utepe, pumzi ivunjike kabla haijafika, lakini sauti ipite. Shemeji alikuwa ameandika kwenye barua kwamba sauti zinazotoka kwa midomo iliyofungwa, zile pa na ba, zinatoa upepo kama risasi. Hilo mimi sikuwahi kuliwaza maishani. Nilisimama na kiganja mbele ya mdomo nikisema pa, pa, pa, kama mwehu, na kweli, upepo ulinipiga.

Stendi ya kwanza niliitengeneza kwa mbao ya mwerezi, miguu mitatu, nzuri, nimeipiga msasa mpaka inang'aa. Sebule ya Bwana ilikuwa na sakafu ya mbao. Alikuja mwimbaji mmoja, karani wa kutoka magharibi, mwenye kuimba akipiga mguu chini. Alipopiga mguu wa tatu, sakafu iliruka, stendi ikainama kama mtu anayesalimia. Bwana aliirukia akaidaka maikrofoni kifuani na kuanguka nayo chali. Haikuumia. Mimi nikakaa chini bila kuambiwa. Karani yule aliuliza kama aendelee.

Mbao ni nyepesi, hilo ndilo kosa. Ya pili nilichukua debe la mafuta ya taa, nikalijaza mchanga, nikasimamisha mti wa ufagio katikati. Halikuanguka, lakini debe lilikuwa linavuma. Mtu akiimba sauti nene, nalo linaitikia. Bwana alivua vyombo vyake vya masikioni akasema amesikia nyuki.

Basi nikawaza chuma. Nchi hii wakati ule ilikuwa inalimwa na plau za diski, zile sahani kubwa za chuma zilizobonyea kama sufuria. Diski ikivunjika ukingo hutupwa. Nyuma ya karakana moja ng'ambo ya reli kulikuwa na rundo la vyuma vya mashamba, na mlinzi wake alikubali nichague. Nilikuwa nimeinama natafuta diski isiyopasuka katikati, nikaona viatu. Nilivijua kabla sijainua kichwa. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimetobolewa pembeni kumpa nafasi kidole chenye ugonjwa wa jongo. Miaka mitatu niliwahi kutembea nyuma ya kiatu hicho kwenye mtaro wa plau.

Kaburu yule alikuwa ameleta plau lake kutengenezwa. Aliniangalia muda mrefu, bila hasira, kama mtu anavyoangalia mahindi kuona kama yamekauka.

"Bado uko?" akaniuliza.

Nikasema niko, bwana. Akaigusa ile diski mkononi mwangu kwa ncha ya fimbo, akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya Mhindi wangu, ya kusimamishia chombo. Akacheka kwa pua.

"Diski inajua njia ya shamba," akasema. "Na wewe unaijua."

Akaondoka. Niliibeba ile diski kichwani mpaka dukani na sikuhisi uzito wake. Nilichohisi ni shingo, pale nyuma, mahali mtu anapohisi akijua anaangaliwa. Sikugeuka kuona kama ananiangalia.

Hiyo diski ndiyo iliyokuwa mguu wa stendi. Niliiweka kifudifudi, tumbo chini mgongo juu, nikapitisha kwenye tundu lake la katikati bomba la fremu ya baiskeli iliyogongwa. Juu ya bomba nikatia ule mti wa kiti cha baiskeli, wenye skrubu yake, kwa hiyo mwimbaji mrefu au mfupi, unalegeza, unapandisha, unakaza. Maikrofoni yenyewe sikuifunga kwenye chuma. Niliikata tyubu ya ndani ya gurudumu, nikatengeneza mikanda minne, nikaining'iniza katikati kama mtoto kwenye mbeleko, ili sakafu ikitikisika mtikisiko ufie kwenye mpira. Diski ilikuwa inalia ukiigusa, ngoo, kama kengele ya kanisa. Nikaijaza matambara chini na kuilaza juu ya ngozi ya ng'ombe. Ikanyamaza. Nilipiga mguu, nikaruka, nikaangusha gunia la misumari kando yake. Haikusogea.

Nasema hivi bila aibu: ilikuwa kazi nzuri. Lakini stendi inazuia kuanguka tu. Pumzi bado.

Nilichukua chekeche la unga, nikatoa wavu wake nikabaki na duara la mbao. Hapo nikaanza kuwamba vitambaa kimoja kimoja. Kupima nilipima kwa mshumaa. Nauweka mshumaa upande wa pili wa kitambaa, urefu wa mkono mmoja, naweka mdomo upande huu, nasema pa kwa nguvu zangu zote. Moto ukitikisika, kitambaa hakifai. Ile pamba nzito iitwayo marekani ilizuia pumzi yote, mshumaa ulisimama kama askari, lakini Bwana alisema sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya ghala la mahindi. Chandarua kilipitisha sauti na kilipitisha upepo pia, mshumaa ulizimika. Gunia lilitoa vumbi, nikakohoa, nikamshukuru Mungu kwamba maikrofoni ilikuwa bado imelala kwenye blanketi lake. Mke wa Bwana akaleta malimali, kile kitambaa chepesi cha kuchujia maziwa. Hicho kilikaribia. Moto uliinama kidogo tu.

Kilichoshinda kilitoka kwenye kabati la duka. Bwana alikuwa anauzia wake za Wazungu soksi ndefu za nailoni, na jozi moja ilikuwa imechanika uzi. Niliwamba soksi moja juu ya duara, nikapima, moto ukatikisika kidogo. Nikawamba ya pili juu ya ya kwanza, nikaacha nafasi ya kidole kati yao. Pa. Pa. Pa. Moto haukujua kama kuna mtu. Na sauti ilipita kama hakuna kitu. Bwana alicheka mara ya kwanza wiki ile. Alisema mguu wa memsahibu umetuokoa.

Hilo duara nililipa mti wake peke yake, kando ya stendi. Fundi asiyejua angelipigilia kwenye bomba moja na maikrofoni, halafu mwimbaji aligonge kwa pua na mlio wa kugonga uingie kwenye tepu. Vidole vinne kati ya mdomo na soksi, shubiri moja kati ya soksi na wavu. Nilikata kijiti cha kipimo na nilikuwa nakitembeza mfukoni kama sonara.

Sasa ndipo nikafanya kosa langu.

Bwana alitaka mzee wa kuimba zile nyimbo zetu za zamani za ng'ombe. Nikajitapa kwamba ninaye. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa mchunga ng'ombe kwenye shamba la upande wa Chepsaita, na hapakuwa na mtu wa kumfikia kwa kinanda cha nyuzi. Nikamtumia ujumbe. Mwenye shamba akamwandikia barua ya ruhusa ya siku moja, akaja na lori la maziwa asubuhi, amevaa koti la jeshi juu ya shuka, kinanda mgongoni, na kibuyu cha maziwa ya mgando begani. Kwetu mjomba si mtu wa kuchezea. Baba akikukasirikia anaweza kukusamehe kwa mbuzi. Mjomba akikukasirikia, laana yake inawafikia mpaka watoto wako.

Nilimkalisha mbele ya stendi, nikapima kwa kijiti changu. Aliliangalia lile duara la soksi mbele ya uso wake, akaliangalia tena kwa upande, akauliza kwa lugha yetu ni la nini.

Na mimi, kwa kiburi cha fundi, nikamjibu moja kwa moja. Nikasema ni la kuzuia pumzi yako.

Halafu akauliza taratibu, "Pumzi yangu ina ubaya gani?"

Kwetu mzee anakubariki kwa pumzi na kwa mate. Anayemzuilia mzee pumzi yake ni yule anayefikiri mzee huyo ni mchawi. Hapo nilikuwa nimemwambia ndugu ya mama yangu, mbele ya mgeni, kwamba pumzi yake inaua. Bwana haelewi lugha, anatabasamu, anazungusha vyuma vyake.

Nilitafuta maneno haraka, na haraka haijawahi kunipa maneno mazuri. Nikasema hapana, mjomba, pumzi yako ni njema, ila humu ndani mna kitu laini sana, ni kama mtoto aliyezaliwa leo, bado hajazoea upepo. Nikamwonyesha lile blanketi dogo kitini. Nikamwambia unaona, wanamlaza humo.

Uso wake ukafunguka. Akasema ungesema hivyo tangu mwanzo, mpwa. Akainama, akachungulia kwenye wavu, akaguna kama anavyoguna mtu akionyeshwa mtoto. Nikashusha pumzi. Nilifikiri nimepona.

Bwana alikuwa na sheria moja. Wimbo ukiisha, yeye anainua mkono, na mkono ukiwa juu hakuna kukohoa, hakuna kusogeza mguu, mpaka tepu ipite kimya kidogo, ndipo anaushusha. Nilimweleza mjomba, akakubali. Mashine ikaanza kuzunguka. Mjomba akaimba.

Sitasema mengi juu ya wimbo. Alikuwa anawaita ng'ombe kwa rangi zao, ng'ombe ambao wengi walikuwa wameshapunguzwa na wenye mashamba na hawapo tena. Nilikuwa nasikiliza pa na ba tu. Kila moja ikija nilikaza meno, naangalia soksi. Soksi ilikuwa inapumua kidogo, inaingia, inatoka, utepe nyuma yake salama. Wimbo ukaisha. Bwana akainua mkono.

Katika kile kimya, mjomba akaweka kinanda chini bila kugonga, vizuri kabisa, kama alivyoagizwa. Akachukua kibuyu. Akafungua kifuniko. Akanywa, na hakumeza.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mtoto aliyezaliwa leo. Mzee wa kwetu akionyeshwa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza hawezi kuondoka bila kumtemea baraka. Akiondoka hivyo hivyo ameacha mlango wazi kwa kila baya. Na mimi ndiye niliyemwambia ni mtoto. Mashavu yake yalikuwa yamejaa maziwa, na anaelekea upande wa maikrofoni, akizunguka lile duara la soksi, kwa sababu nani anabariki mtoto kupitia pazia?

Siwezi kusema neno, mkono wa Bwana uko juu. Siwezi kumshika mjomba mkono, huko ni kukataa baraka mbele yake. Niliona kile kiatu cha Kaburu chenye tundu. Naapa nilikiona, pale kwenye sakafu ya Mhindi. Nikafanya kitu pekee ambacho mwili ulikubali: niliingiza kichwa changu kati ya mdomo wa mjomba na maikrofoni.

Yaliniingia machoni, puani, kwenye kola. Maziwa ya mgando ya kibuyu yana vumbi la mkaa ndani, kwa hivyo nilikuwa na madoa meusi kama chui. Sikufuta. Mjomba alirudi nyuma akanitazama, halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Na akasahau kabisa habari ya mkono wa Bwana.

"Mpwa, una tamaa," akasema. "Wewe nilikubariki ulipozaliwa. Toka hapo, mtoto anangoja."

Akanywa tena.

Safari hii nilichoweza ni kumshika begani kwa mikono miwili, kwa heshima, kama ninayemsaidia kukaa, na kumrudisha vidole vinne nyuma ya soksi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, hapa, mjomba, mama yake anataka iwe hapa. Akanitazama. Nilifikiri atakataa. Kisha akageuka na kutema.

Soksi ilijaa, ikabonyea nyuma kama tanga, nami nikafumba macho. Nilipofumbua, maziwa yalikuwa yanachuruzika kwenye duara la mbao, tone, tone, juu ya diski ya plau. Ile ya pili, soksi ya nyuma, ilikuwa na unyevu kidogo tu. Mbele ya wavu sikuona tone. Lakini utepe ule hauhitaji tone.

Bwana alishusha mkono polepole. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliiviringisha maikrofoni kwenye blanketi bila kuijaribu, kama anayeogopa kujua, akaniambia bila kunitazama, "Kesho saa nne mimi najaribu. Wewe kuja na kipande."

Nilimsindikiza mjomba mpaka kwenye lori la maziwa. Alikuwa na furaha, alikuwa akiwasimulia wachukuzi kwamba amembariki mtoto wa chuma. Sikumwambia lolote. Ningemwambia nini? Kwamba baraka yake huenda imenirudisha kwenye plau? Akapanda, akanishika kichwa, akaenda.

Asubuhi nilifika kabla ya duka kufunguliwa. Kipande kilikuwa mfukoni, kwenye kibati chake. Bwana aliifunga maikrofoni kwenye mikanda ya mpira mwenyewe, akavaa vyombo vya masikioni, akaniambia nikae pale alipokaa mjomba, niseme kitu. Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Alisikiliza hivyo hivyo, uso umefunga. Halafu akavua vile vyombo akanivika mimi.

Nilisikia mtu anahema. Karibu sana, kama yuko ndani ya sikio langu, anahema kifupi kifupi, kama mbwa aliyekimbizwa. Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi. Utepe ulikuwa mzima. Ulikuwa unasikia mpaka hofu yangu.

Bwana akarudisha tepu ya jana tukaisikiliza pamoja. Wimbo, kisha kimya, kisha mlio wa maziwa yakinipata usoni, kicheko, maneno ya mjomba, na mwishowe ile baraka ya pili kupitia soksi, laini, kama mvua inapoanza juu ya nyasi. Akaniuliza mzee alisema nini. Nilimweleza yote, mtoto na baraka, na kosa langu pia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha. Alisikiliza. Mkewe alikuwa mlangoni, naye akasikia. Bwana akachukua mkasi, akaikata tepu mwisho wa wimbo, kile kipande cha kicheko akakiviringa na kukitia kwenye kijisanduku cha sindano za gramafoni. Sijui alikipeleka wapi. Hakukitupa, nilimwona.

Kipande changu hakukiomba. Mimi nikakaa nacho mfukoni mpaka jioni, nikingoja.

Soksi zile mkewe alitaka kuzifua kwa sababu zilianza kunuka. Nilimwomba asizifue, zina baraka ya mzee, nikawamba nyingine. Mwezi mwingine akaja mwimbaji, kijana wa Burnt Forest mwenye gitaa, akaimba safi, Bwana akashusha mkono. Kisha akanigeukia, akanong'ona kama mtu anayeuliza kama chumvi imetiwa.

"Fundi, huyu hapana tema?"

Nilisema huyu si mjomba wa mtu. Alionekana kutoridhika. Wiki ile ile akaniambia shemeji analeta maikrofoni ya pili, ya kinanda peke yake, nitengeneze stendi nyingine kama ile.

Nikarudi kwenye rundo la vyuma ng'ambo ya reli. Ningeweza kumtuma mtu. Sikutuma. Kaburu alikuwepo, siku hiyo amekaa juu ya plau lake akimngoja fundi wa chuma. Kiatu kilikuwa kile kile. Akaniona, akauliza lile lile, "Bado uko?"

Bado nilimwogopa, na sitadanganya kwamba sikumwogopa. Nikasema niko, bwana. Nikasema nimekuja kuchukua diski ya pili.